Vidole Vingapi, na Vianzie Wapi: Laptopu ya Kugusa kwa Anayeanza

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Mbona nikigusa hapa panafunguka pale?" "Raiti-kliki imefichwa wapi?" "Mbona haifanyi kama simu yangu?" Nina meza katika saiba moja ya Mwembe Tayari, Mombasa, na tangu laptopu za kugusa zianze kuonekana kwa wingi, nyingine za ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, nyingine zimetumwa na mtoto aliyeko Doha au Dubai, haipiti siku nyingi bila mtu kuniwekea moja mezani na kusema imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Ni vidole.

Basi nimeandika yote mahali pamoja. Ukishika neno moja tu humu, shika hili: laptopu haijali umebonyeza kwa nguvu gani. Inachohesabu ni vidole vingapi, na vimeanzia wapi, katikati ya kioo au ukingoni. Kidole kimoja kilichoanzia katikati na kidole kimoja kilichoingia kutoka ukingoni ni amri mbili tofauti kabisa. Anayekididimiza kioo kama anakanda unga wa mahamri hapati kitu ila bawaba zilizolegea.

Mwongozo huu ni wa Windows 11. Panapotofautiana na Windows 10 nitakwambia. Chromebook zina desturi zao, sitaziingiza humu. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana laptopu nyingi za hapa mjini zimewekwa hivyo na sitaki upotee ukitafuta neno ambalo halipo.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu ambayo kweli ni ya kugusa. Usicheke, nitaeleza.
- Mausi, hata ya waya ya bei rahisi. Kioo kikigoma, ndiyo itakayokuokoa.
- Kitambaa laini kikavu, kama kile cha kufutia miwani. Si leso, si kipande cha fulana.
- Mikono iliyooshwa ikakauka. Kama umetoka kula viazi karai, kaoshe kwanza.
- Nusu saa ya utulivu na meza isiyocheza.

Sasa hilo la kwanza. Modeli moja ya laptopu, chukua HP EliteBook au Dell Latitude, hutoka kiwandani kwa namna mbili, ya kugusa na isiyo ya kugusa, na ukizitazama kwa haraka ni mapacha. Kuna kijana alisugua kioo chake siku tatu akidhani hajui, kumbe aliuziwa isiyo ya kugusa kwa maneno matamu. Usiulize muuzaji, uliza mashine yenyewe. Fungua Settings, ingia System, teremka hadi About, utafute mstari ulioandikwa Pen and touch. Ukisoma kwamba ina touch points 10, basi kioo kinatambua vidole kumi kwa pamoja. Ukikuta maneno kwamba hakuna mguso kwa skrini hii, ama laptopu si ya kugusa, ama mguso umezimwa au umekufa. Kwa hayo mawili ya mwisho nenda sehemu ya matatizo huko chini.

Kama unanunua, fanya ukaguzi huu dukani, kabla pesa hazijatoka.

Hatua kwa hatua

1. Iweke laptopu vizuri.
Iweke juu ya meza, kioo kiinamie nyuma kidogo, ujisogeze karibu kiasi cha kiwiko kubaki kimekunjika. Ukiwa mbali, mkono utachoka kabla hujafika hatua ya nne. Kama kioo kinayumba kila ukikigusa, kishike kwa nyuma na mkono wa pili. Pajani ndani ya matatu usijaribu, utafungua vitu ambavyo hukuviomba.

2. Gonga kwa kidole kimoja.
Gonga kwa nyama ya kidole, si kwa kucha, kisha uinue mara moja. Hiyo ndiyo kliki ya kawaida ya mausi. Mara moja inatosha kwenye kitufe cha Start, kwenye aikoni za mstari wa chini na kwenye viungo vya brauza. Mafaili na aikoni zilizotapakaa kwenye deskitopu hutaka kugongwa mara mbili, haraka, mahali pamoja. Wengi hugonga ya pili sentimita nzima pembeni, halafu wananiambia faili limekataa kufunguka.

Na kwa kuwa akina dada huniuliza: hina iliyokauka na kutolewa haizuii chochote, ni rangi tu kwenye ngozi. Kucha za bandia ndizo zenye shida. Kioo cha aina hii husikia umeme mdogo wa mwili, na plastiki haipitishi umeme. Laza kidole kidogo ili ngozi iguse.

3. Shikilia kupata raiti-kliki.
Raiti-kliki ni kule kubofya kitufe cha kulia cha mausi. Weka kidole juu ya kitu, usikitikise. Baada ya muda mfupi kimraba kidogo hutokea kukizunguka kidole. Ukikiona tu, inua. Menyu inafunguka.

Kosa la hapa ni haraka. Mtu huinua kabla ya kimraba, ikahesabiwa kuwa ni kliki ya kawaida, faili likafunguka. Kosa la pili ni kidole kuteleza kidogo kwa jasho, nayo laptopu ikadhani unataka kusukuma ukurasa. Kidole kitulie tuli.

4. Sukuma ukurasa.
Weka kidole mahali patupu kwenye ukurasa, usukume juu au chini kama unavyosukuma karatasi juu ya meza. Ukisukuma juu, karatasi inapanda na unaona yaliyo chini. Vidole viwili pia hufanya kazi hiyohiyo, na vina nafuu palipojaa vitufe, kwa sababu si rahisi kufungua kitu kwa bahati mbaya.

Nawashauri wenye kujaza fomu za serikali mtandaoni wazoee viwili. Kidole kimoja kikianguka juu ya kisanduku cha tarehe, unaweza kujikuta umebadilisha mwaka wako wa kuzaliwa bila habari.

5. Bana na tanua.
Vidole viwili vikiwa pamoja, vitanue, na picha itakua. Vibane, itapungua. Jizoeze kwenye ramani, si kwenye kazi yako. Fungua ramani yoyote kwenye brauza uanzie Afrika yote. Tanua hadi uione pwani ya Kenya, tanua tena hadi kisiwa cha Mombasa, tanua hadi Fort Jesus ionekane kona zake. Sasa vuta kwa kidole kimoja ushuke kusini magharibi hadi kivuko cha Likoni, kisha urudi juu hadi daraja la Nyali. Bana, utoke nje uone kisiwa kizima. Ukiweza safari hiyo bila kupotea, hatua hii umeimaliza.

Si kila programu hukubali kutanuliwa. Kwenye brauza, picha, PDF na Word inakubali. Kwenye Settings yenyewe usihangaike.

6. Chagua maandishi.
Hapa ndipo watu hukasirika, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye mausi ungeshikilia na kuburuta juu ya maneno. Kwenye kioo ukiburuta, ukurasa ndio unaosogea. Njia yake ni nyingine: gonga neno moja mara mbili. Neno hilo litapakwa rangi na viduara viwili vitaning'inia, kimoja mwanzo wa neno, kimoja mwisho. Shika kiduara cha mwisho kwa kidole ukiburute hadi unapotaka. Maneno yote ya katikati yatapakwa rangi. Kisha shikilia kidole juu ya sehemu iliyopakwa rangi, kama hatua ya 3, na menyu ya kunakili itakuja.

Shika kiduara chenyewe, si neno. Ni kidogo, na ukikikosa hata kidogo uchaguzi wote unafutika unaanza upya. Dawa yake ni kutanua ukurasa kwanza kwa vidole viwili, ndipo uchague.

Kwenye Excel desturi ni karibu hiyohiyo. Gonga seli moja, vishikio vidogo hutokea kwenye pembe zake, buruta kimoja ili kuongeza seli. Word na Excel pia zina hali ya kugusa inayoachanisha vitufe vya juu ili kidole kisiguse viwili kwa pamoja. Huitwa Touch/Mouse Mode, na huwekwa kwenye kile kijimstari cha vitufe vya haraka. Kama vidole vyako ni vinene kama vyangu, iwashe.

Kuhamisha mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine, mimi hutumia mausi, na sioni haya kusema hivyo. Inawezekana kwa kidole, lakini faili likianguka kwenye folda isiyo yake utalitafuta hadi Magharibi.

7. Vidole vitatu.
Hizi ndizo ishara zitakazokuokolea muda mwingi, na ndizo watu wasizozijua kabisa. Kwanza hakikisha zimewashwa: Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Touch, halafu uwashe kile kitufe cha ishara za vidole vitatu na vinne.

Sasa weka vidole vitatu katikati ya kioo, vimeachana kidogo, kisha:

Sukuma juu, na madirisha yote uliyoyafungua yatatandazwa mbele yako madogo madogo. Gonga unalolitaka.

Sukuma chini, na yote yatashuka ubaki na deskitopu tupu. Hii huwafaa wanaofanya kazi kwenye kaunta, mteja akichungulia.

Sukuma kushoto au kulia, na utahamia programu uliyokuwa ukiitumia kabla ya hii. Unasoma barua pepe, unaandika kwenye Word, unarudi, unaandika. Ukiizoea hii hutagusa tena mstari wa chini.

Vidole vinne kushoto au kulia huhamisha deskitopu nzima, kwa mwenye kutengeneza deskitopu zaidi ya moja. Kama hujatengeneza, hakuna kitakachotokea, usidhani umekosea.

Makosa ya hatua hii ni matatu na nimeyaona yote. La kwanza, vidole vimebanana hadi kioo kinavihesabu viwili, na ukurasa ukasukumwa badala yake. La pili, kidole cha kati kimetangulia na wenzake wakafuata. Viteremshe vyote kwa mara moja, kama unapiga kibao cha meza. La tatu, kuanzia karibu sana na ukingo.

Wenye Windows 10 mnisamehe: ishara za vidole vitatu kwenu zipo kwenye ile padi iliyo chini ya kibodi, si kwenye kioo. Ukisukuma vidole vitatu kwenye kioo mchana kutwa, kosa si lako. Na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yako inakubali 11, ipandishe.

8. Kutoka ukingoni.
Anza nje ya picha, kidole kikiwa juu ya ule ukanda mweusi unaozunguka kioo, kisha kiingize ndani. Kutoka kulia unapata arifa na kalenda. Kutoka kushoto unapata paneli ya hali ya hewa na habari. Kwenye Windows 10, kushoto hukupa madirisha yote uliyoyafungua na kulia hukupa arifa.

Kama haifanyi kazi, tazama kama umebandika karatasi ya kukinga kioo yenye kingo zilizoinuka. Kidole hujikwaa hapo na safari inaishia. Na wale wanaolalamika kwamba habari zinafunguka zenyewe wakisoma, jueni kwamba kidole gumba chenu kinaingia kutoka kushoto mnapoishika laptopu kama kitabu.

9. Madirisha mawili kando kwa kando.
Shika kichwa cha dirisha kwa kidole, uliburute hadi ukingo wa kushoto au kulia, achilia. Litachukua nusu ya kioo, na madirisha mengine yatajitokeza upande wa pili ili ugonge mojawapo.

10. Kibodi ya kwenye kioo.
Kwenye laptopu ya kawaida huihitaji, andika kwa kibodi halisi. Lakini kitufe kimoja kikifa, na hapa Pwani vinakufa kwa unyevu na chumvi ya baharini, kibodi ya kioo itakusogeza hadi umpate fundi. Shikilia kidole kwenye mstari wa chini hadi menyu itokee, fungua Taskbar settings, utafute Touch keyboard, uiweke ionekane daima. Alama ya kibodi itakaa pembeni kulia, unaigonga unapoihitaji.

11. Kwa laptopu zinazokunjika tu.
Ukiikunja nyuma kabisa, kibodi hujizima na mstari wa chini hujificha. Usukume kidole kutoka ukingo wa chini kwenda juu, utarudi. Picha ikizunguka kila ukijigeuza kitandani, iweke kwanza unavyotaka, kisha Settings, System, Display, uwashe Rotation lock. Kitufe hicho kikionekana kimefifia na hakibonyezeki, ni kwa sababu laptopu bado imefunguliwa kama laptopu.

Mambo ya Mombasa

Miongozo mingi huandikwa na watu wasiojua kaskazi. Kuanzia Disemba hadi Machi mkono hautoki jasho, unavuja. Tone la jasho kwenye kioo huhesabiwa kuwa kidole, au huunganisha vidole viwili vikawa kimoja. Weka kitambaa kando, ufute mkono na kioo kila mara.

Ukitoka ofisini kwenye AC kali, ukaifungua laptopu barazani, kioo kibaridi hukusanya umande kama glasi ya maji ya barafu, na mguso unakuwa wa wazimu. Iache imefunguka, usiiguse, hadi umande ukauke wenyewe.

Wanaofanyia kazi karibu na maji, Mama Ngina au kando ya ufuo wa Bamburi, upepo huwaachia utando wa chumvi kwenye kioo. Zima laptopu, chomoa chaja, futa kwa kitambaa kilichoguswa na maji kidogo tu, malizia kwa kikavu. Usinyunyize kitu moja kwa moja kwenye kioo, hutiririka hadi kwenye ukingo wa chini ambako nyaya ziko. Na dawa ya kusafishia madirisha ya nyumba iache kwenye madirisha ya nyumba.

Ikigoma

Haisikii mguso kabisa. Anzisha upya kwa Restart, si kwa kuzima na kuwasha. Mara nyingi Windows ikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka, na tatizo huhifadhiwa pamoja nayo. Restart huanza safi. Bado? Chukua ile mausi. Bofya kulia kwenye Start, chagua Device Manager, fungua kundi la Human Interface Devices, utafute HID-compliant touch screen. Bofya kulia juu yake, chagua Disable, subiri kidogo, kisha Enable. Kama tayari ilikuwa imezimwa, huenda aliyeitumia kabla yako aliizima kwa makusudi, na huenda alikuwa na sababu. Soma aya inayofuata. Kama jina hilo halipo kabisa kwenye orodha, jaribu Scan for hardware changes kwenye menyu ya Action. Lisipotokea, hilo ni la fundi.

Inajigusa yenyewe. Shangazi mmoja wa Majengo aliniletea laptopu amefungia kwenye kanga, hataki hata kuibeba mkononi. Aliiweka mezani akasogea nyuma.

"Mwanangu, hii ina jini. Nikiwasha nyumbani inafungua vitu, inafunga, inaandika. Usiku nimeifunika."

Nikaiwasha kwa betri. Ikatulia kama maji ya mtungi. Nikamwomba chaja yake nikachomeka, na hapo hapo duara dogo likaanza kurukaruka pembeni ya kioo, menyu zikifunguka. Nikachomoa, ikatulia. Nikachomeka, ikaanza.

"Shangazi, chaja hii ndiyo iliyokuja na laptopu?"

"Ile ilikufa. Hii nilinunua njiani, na nyumbani naichomeka kwenye ekstensheni."

Nikatazama plagi. Pini ndefu ya juu ilikuwa ya plastiki, kwa ajili ya kufungulia soketi tu. Laini ya ethi, yaani waya wa ardhini, haikuwepo. Nikamtolea chaja ya saiba, ya laptopu kama yake, yenye pini tatu za chuma, nikaichomeka kwenye soketi ya ukutani. Duara halikurudi. Akasogea karibu, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, kama anayepima moto wa chapati.

"Sasa ametoka?"

"Hakuwemo, shangazi. Ulikuwa umeme."

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu hii ndiyo hitilafu ninayoikuta zaidi, na watu wengi hulipia kioo kipya bure. Chaja duni huchafua umeme unaoingia, na kioo kinachosikiliza umeme mdogo wa kidole hudhani kimeguswa. Chaja nyingine nzuri hufanya vivyo hivyo ikiwa nyumba haina ethi au ekstensheni imekatwa pini. Kwa hiyo jambo la kwanza laptopu ikijigusa: chomoa chaja. Ikitulia, tafuta kosa kwenye chaja, ekstensheni au soketi. Isipotulia, futa kioo, bandua karatasi ya kukinga, utazame kama kuna ufa, hata mdogo kama unywele. Kioo chenye ufa hupiga kelele hizo usiku na mchana. Kama huna pesa za kukibadilisha sasa, zima mguso kwenye Device Manager kwa njia niliyoeleza, uendelee na mausi.

Unagusa hapa, panafunguka pale. Ukiwa umeunganisha skrini ya pili au projekta, huenda laptopu imechanganya ni ipi ya kugusa. Tafuta Tablet PC Settings, bonyeza Setup, ufuate maelekezo: itakuonyesha maandishi kwenye skrini moja na kukutaka uiguse ile ya kugusa. Kama huna skrini ya pili na mguso umekaa pembeni ya kidole, kwenye ukurasa huohuo kuna Reset. Anza na hiyo. Watu hukimbilia Calibrate, wakagonga vile vialama kwa haraka, wakazidisha upotovu. Reset kwanza, Calibrate iwe ya mwisho, na kwa mkono mkavu.

Picha imelala ubavu. Settings, System, Display, kisha Display orientation, chagua Landscape.

Sehemu moja ya kioo haisikii. Hili lina kipimo kizuri kisicho na gharama. Fungua Paint, chagua brashi, uchore kwa kidole mistari ya kulala kutoka ukingo hadi ukingo, mmoja chini ya mwingine, hadi ujaze kioo kizima. Kisha mistari ya kusimama. Mstari ukikatika mahali pamoja kila unapopita, hapo kioo kimekufa. Ukikatika hapa leo na pale kesho, futa kwanza, chomoa chaja, urudie.

Ukiwa umeshajua ni kioo, nenda kwa fundi ukiwa na picha ya huo mchoro wa Paint, usiende na maneno matupu. Muulize kabla hajafungua: unabadilisha kioo cha juu peke yake, au pamoja na skrini? Kwenye laptopu nyingi za sasa viwili hivyo vimegundishwa na hubadilishwa pamoja, na bei zake haziko karibu hata kidogo. Akikwambia ni kioo cha juu tu, mwambie akuonyeshe kinavyobanduka. Akimaliza kazi, kabla hujatoa pesa, fungua Paint mbele yake uchore mistari yote upya, chaja ikiwa imechomekwa.